Mpakato au ya Mezani? Tathmini ya Mrushaji wa Harusi na Maulidi Unguja

Kwa miaka minne nimekuwa nikirusha mubashara harusi na maulidi mjini Unguja, mwanzo kwa kompyuta ya mezani na sasa kwa kompyuta mpakato, zote nilizozinunua Darajani zikiwa zimeshatumika. Kwa nguvu, ya mezani haina mpinzani: sanduku lake lina nafasi ya feni kubwa, kadi ya picha hubadilishwa bila ya kununua kifaa kipya, na baada ya saa tatu za kurusha kwa OBS Studio, programu ya kurushia video mtandaoni, picha bado hutiririka. Mpakato hupata moto haraka. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na hapo ndipo jamaa walioko Maskati huanza kuandika kwamba bwana harusi ameganda.

Tabu ya ile ya mezani ni kuifikisha kazini. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazifikiwi na gari, hivyo sanduku, skrini na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) vilikuwa vikipita vichochoroni kwa mkokoteni. Usiku mmoja mtikisiko uliichomoa kidogo kadi ya picha, nami nikawa nimepiga magoti juu ya jamvi, bisibisi mkononi na tochi ya simu mdomoni, huku wageni wakiniruka kwenda kula biriani.

Umeme nao una hukumu yake. Ulipokatika katikati ya kasida, mpakato iliendelea kwa betri bila ya kutetereka, ila ruta ilizimika na matangazo yakakatika vilevile. Tangu hapo ruta ina UPS yake ndogo. Ijulikane pia kwamba mpakato nyingi hupunguza nguvu ya kadi ya picha zikitegemea betri, kwa hiyo betri ni ya kuvukia tu.

Anayenunua mpakato aangalie kwanza kama ina chipu ya Nvidia au Intel yenye uwezo wa kusimba video (kuibana ili ipite mtandaoni) yenyewe, kisha aichague katika mipangilio ya OBS ili prosesa ipumue. Mimi hurusha kwa 720p (ubora wa picha wa kati), takriban megabiti 3 kwa sekunde, kwa sababu intaneti ya kumbini haihimili zaidi, na kwa kiwango hicho ubora wa ile ya mezani hauonekani kabisa. Madrasa au studio yenye chumba chake inunue ya mezani bila ya kusita. Yangu imebaki nyumbani, naihariria video.