Miezi minane na Linux Mint kwenye ThinkPad ya mtumba

Mashine yangu ni ThinkPad T440, i5 ya kizazi cha nne, niliinunua mtumba. Kazi zake nyumbani hazina makuu: kutunga mitihani ya Kiswahili, WhatsApp ya kwenye kioo kikubwa, na katuni za watoto kutoka kwenye flashi. Windows 10 ilinitosha kabisa. Kilichonihamisha kwenda Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta unaokaa mahali pa Windows, ni tarehe. Masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu haimo.

Fundi mmoja mjini akaniambia atanipigia Windows 11 kwa njia ya panya, tena na Office ya kukraki juu, nimpe hela ya soda tu. Njia hiyo niliwahi kuipita zamani, nikaishia kuvuna virusi vilivyonifichia mafaili yote ya flashi. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Nilishusha Linux Mint 22 ya Xfce, ile nyepesi, faili la karibu giga 3, kwa bando la usiku. Uzuri ni kwamba unaiwasha kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Nikabonyeza F12, nikachagua flashi, nikajaribu Wi-Fi, sauti na kamera. Vyote vikaitika, ndipo nikaipiga. Niseme ukweli lakini: siku hiyohiyo nilitoa diski ya zamani nikaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi zaidi, kwa hiyo nusu ya wepesi ninaousifu ni wa SSD. Mashabiki wa Linux hapo huwa wanapapita kimyakimya.

Kwenye bando ndiko nilikonufaika zaidi. Mint inaweka alama ndogo pembeni kwamba kuna masasisho, na yanakaa hapo mpaka nibonyeze mwenyewe. Windows nayo unaweza kuibana ukiiambia kwamba mtandao wako ni wa kupimiwa, ila lazima ujue mpangilio huo upo, na uurudie kwa kila simu unayochukulia hotspoti.

Kuandika natumia LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayofanya kazi za Word na Excel. Nilipoongeza kamusi ya Kiswahili (kifurushi kinaitwa hunspell-sw), ile mistari myekundu chini ya karibu kila neno ikapungua, ikabaki chini ya makosa yangu na ya vitenzi vilivyobeba viambishi vingi. Mambo haya si mageni kwetu; mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili.

Aibu niliipata kwa mkono wangu. Mtihani wa kidato cha tatu niliuchapa kwa fonti ya DejaVu Sans, kwa kuwa inasomeka vizuri kwenye kioo. Kompyuta ya steshenari haikuwa na fonti hiyo, ikaweka nyingine. Jedwali la ngeli likakatika katikati, kichwa cha Sehemu C kikabaki peke yake chini ya ukurasa, na mimi sikuona mpaka nakala 80 zilipokuwa zimeshatoka. Siku hizi sipeleki docx kwa mtu. Kitufe cha PDF kiko pale juu, nabonyeza, naondoka.

Dada yangu ana MacBook Air ya M1. Haina feni, haipigi kelele, umeme ukikatika hana habari. Nikipewa bure naichukua leo. Kwa hela yangu hapana: RAM yake haiongezwi baadaye, na flashi iliyofomatiwa kwa NTFS, mpangilio wa Windows, macOS yake inaisoma tu, haiiandiki.

Mdogo wangu, mhasibu, aliomba nimpigie Mint naye. Nilimkatalia. Excel zake zimejaa makro (amri za kujiendesha zenyewe), programu yake ya mahesabu ni ya Windows tu, na mashine yake inapokea Windows 11, akae hukohuko. Niliyempigia ni jirani, ambaye kazi zake ni YouTube na kuandika CV. Wiki nzima alikuja na swali moja tu: "Mwalimu, Paint umeiweka wapi?"