Galatasaray 3-3 Man United kwenye programu ya simu: goli nalisikia kwa jirani kabla sijaliona

Programu hii ya kutazama mpira kwenye simu ninayo tangu msimu uanze, na nilishajiandaa kuisifia. Kisha ikaja mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya jana usiku, 29 Novemba 2023, Istanbul. Nimelala na hasira za aina mbili, moja ya timu na nyingine ya programu, na leo najaribu kuzitenganisha ili nisimwonee mtu.

Mnielewe hali yangu kwanza. Mimi ni Simba, na Ulaya ni Man United. Kwa mwenye mchanganyiko huo Novemba hii ya 2023 haihitaji maelezo: tarehe 5 Yanga walitupiga tano moja, tarehe 8 United wakaongoza mbili bila kule Copenhagen halafu wakafungwa 4-3. Jana nilitaka ushindi tu. Hata wa goli la mkono ningeupokea.

Kwa nini simu na si kibandani? Kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, kipo nyuma ya chumba changu, tumetenganishwa na ukuta tu. Kiingilio 500, mechi kubwa 1,000. Sina ugomvi nacho. Ila mechi nyingi za Ulaya zinaanza saa 5 usiku, mabenchi hayana pa kuegemea, na mgao wa umeme wa mwaka huu umefanya hata kibanda kiwe bahati nasibu: jenereta likigoma dakika ya 60, hela yako hairudi. Simu ina chaji yake. Unalipia kifurushi cha wiki kwa pesa za simu, ujumbe unaingia papo hapo, humsubiri fundi apande juu ya bati kuhangaika na dishi. Kwa upande huo wanastahili nyota zote.

Picha nayo nzuri, mtandao ukikubali. Jana Istanbul ilikuwa inanyesha kweli kweli, na niliona mpira ukirusha maji kila ulipodunda. Utangazaji wa Kiswahili upo, unachagua mwenyewe. Bando linaliwa: ukiacha ubora wa juu kabisa, mechi moja inakunywa zaidi ya GB 2, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio uushushe mapema. Kwenye kioo cha simu tofauti utaiona kwenye namba za jezi tu.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe. Programu inachelewa. Haichelewi sekunde mbili tatu, inachelewa nusu dakika na ushee nyuma ya kisimbuzi cha kibandani. Mechi ilianza saa 2:45 usiku (Istanbul na sisi saa zetu ni moja, kwa hiyo hakuna hata pa kuchanganyikiwa), na dakika ya 11 nikasikia nyuma ya ukuta watu wamelipuka. Kwenye simu yangu Bruno Fernandes alikuwa bado hajampenyezea Garnacho. Nikakaa vizuri, nikasubiri, nikamwona dogo anaingia kushoto na kuupiga juu ya nyavu. Huyu ndiye aliyepiga ile tikitaka dhidi ya Everton Jumapili. Nikiri, nilifurahi. Dakika ya 18 tena kelele, nikajua lipo lingine linakuja, na Bruno akauachia kutoka mbali ukaenda kwenye kona ya juu. Wakati huo kuchelewa kulikuwa na raha yake, unajua utamu uko njiani.

Ila kibandani hawakai watu wa United peke yao. Jana walijaa pia Arsenal, waliowahi viti kwa sababu ya mechi yao na Lens saa 5 (wakashinda 6-0, tusiizungumzie). Hao walikuwa wamegeuka Waturuki kwa muda. Na kelele za Arsenal akikushangilia kufungwa zina mlio wake, huwezi kuzichanganya na za mtu wa kwetu.

Dakika ya 29 nikazisikia. Nikatazama simu: ni faulo, Hakim Ziyech wa Galatasaray anauweka mpira chini. Basi nikaangalia faulo nzima nikiwa najua mwisho wake. Ukishajua, humtazami mpigaji tena, unamtazama kipa. Nikamwona André Onana anapanga ukuta, anasogea, mguu mmoja unaelekea asikotakiwa kuelekea, mpira unaingia upande wake mwenyewe. Shabiki wa kawaida anayaona hayo kwa sekunde moja na kupiga kichwa. Mimi niliyaona polepole, kwa sababu nilishapewa hukumu nikabaki kusikiliza ushahidi.

McTominay akafunga la tatu dakika ya 55, krosi ya Wan-Bissaka. Tatu moja ugenini, dakika 35 zimebaki. Timu ya watu wazima inaufunga mchezo hapo. Dakika ya 62 kelele zile zile, na kwenye simu ni Ziyech tena, faulo tena, safari hii pembeni, mahali ambapo kipa yeyote wa Ligi Kuu yetu angeudaka huku akiongea na beki wake. Ukamgonga Onana mikononi ukaingia. Nilijua goli linakuja, sikujua linakuja vile.

Dakika ya 71 programu ikaganda kabisa. Kile kiduara kinazunguka. Nyuma ya ukuta watu wanaruka, mimi natazama duara. Picha iliporudi, Kerem Aktürkoğlu alikuwa anakimbia kushangilia. Nikabonyeza kurudisha nyuma: shuti safi, juu, hakuna kipa ambaye angelidaka. Tatizo ni kwamba ukirudisha nyuma unaachwa zaidi, na usipobonyeza kitufe cha mubashara unabaki huko huko nyuma. Hilo wengi hawalijui, na programu haikuambii.

Lililoniuma kuliko yote halikuwa goli. Mwishoni Bruno alipiga shuti ambalo kwenye simu yangu lilikuwa linaelekea nyavuni. Nilishasikia “aaah” ndefu ya kibandani. Nikaushuhudia mpira ukienda hadi mlingotini huku nikijua hauingii. Pellistri naye akapata nafasi yake, nyuma ya ukuta kimya, nikajua hiyo pia imekufa. Kutazama dakika za mwisho bila hata tumaini la uongo, hicho sikukilipia.

Nimeuliza rafiki yangu wa mambo ya mitandao, akanieleza hivi: mpira ukipitia kwenye intaneti, picha inakatwa vipande vya sekunde chache chache, vinapelekwa kwenye seva, na simu yako inajiwekea akiba ya vipande kadhaa kabla ya kukuonyesha, ili mtandao ukiyumba usione ikikwama. Akiba hiyo ndiyo inayokuacha nyuma. Kisimbuzi cha dishi nacho kinachelewa, ila kidogo. Kwa hiyo si wizi, ni namna ya kufanya kazi, na wapo wanaoweza kuupunguza muda huo wakitaka. Nilipowaandikia huduma kwa wateja walijibu haraka, “pole kwa usumbufu, tafadhali zima simu kisha uwashe.” Nimezima, nimewasha. Arsenal bado wanashangilia mbele yangu.

Kuna jambo la kuchekesha: programu yenyewe inakutumia taarifa ya goli juu ya kioo kabla haijakuonyesha goli hilo. Wanajiharibia biashara wenyewe. Nendeni kwenye mipangilio mzime taarifa za matokeo, na kundi la WhatsApp la mashabiki mlinyamazishe hadi filimbi ya mwisho. Hedifoni zinasaidia kama mnakaa jirani na kibanda, lakini ukuta wangu ni mwembamba na zile sauti zinapita.

Timu je? Programu haikumfundisha Onana kusimama. Amerudi kwenye mji ule ule alikopoteza fainali akiwa na Inter mwezi wa sita dhidi ya Man City, na kaondoka na msiba mwingine. Lakini simbebeshi yeye peke yake. Mechi tano za kundi, magoli 14 tumefungwa. Tumefunga 12, jamani, timu inayofunga 12 kwa mechi tano inatakiwa iwe inachagua mpinzani wa mtoano, si kuburuza mkia. Mara mbili ugenini tumeongoza mbili bila, na kwenye mechi hizo mbili tumevuna pointi moja. Kocha wetu Erik ten Hag anashambulia akiongoza tatu moja kama anayetafuta goli la kusawazisha, viungo wanapanda, beki zinabaki na uwanja mzima wa kukimbizana. Wazee watakukumbusha kwamba hata 1993 tulitoka 3-3 na hawa hawa, Old Trafford, tukaongoza mbili bila vile vile, kisha suluhu kule Istanbul ikatutoa kwa magoli ya ugenini. Wakati ule angalau kulikuwa na kisingizio cha kanuni ya kuzuia idadi ya wachezaji wa kigeni.

Msimamo sasa: Bayern wamepita, Copenhagen na Galatasaray wana 5, sisi 4, wa mwisho. Inabidi tumfunge Bayern, halafu hao wawili watoke sare wao kwa wao. Hesabu ya shabiki wa United siku hizi lazima iwe na mechi ya watu wengine ndani yake.

Kwa programu natoa nyota 3 kati ya 5. Kama unakaa mbali na kibanda, una bando la kutosha na huna kundi la WhatsApp lenye Arsenal ndani, chukua, hutajuta, hasa kwa mechi za ligi za mchana. Kama unakaa kama mimi, kaa ukijua utatazama mechi iliyokwisha kusimuliwa. Kifurushi changu kinaisha Jumapili na nitakilipia tena kwa ajili ya wikiendi. Ila tarehe 12 Desemba, Bayern wakija Old Trafford saa 5 usiku, naenda kwenye benchi. Tukifungwa, nifungwe kwa wakati mmoja na wenzangu.