Pikapu ya kuvuta boti nzito Malindi: ipi ununue, ipi uiache

Kila kaskazi inapoisha na kusi kukaribia, boti nyingi za Malindi na Watamu hupandishwa nchi kavu zikwanguliwe na kupakwa rangi. Msimu huo ndio napata swali lile lile: "Pikapu yangu itaiweza boti hii?" Kuivuta, itaivuta. Dizeli za siku hizi zina nguvu, na barabara yetu ya kwenda Mombasa ni tambarare kwa sehemu kubwa. Muhimu ni kama itaweza kuisimamisha.

Mimi nilipata jibu kwenye mteremko wa daraja la Kilifi. Nilikuwa na pikapu nyepesi, nyuma yangu boti ya faiba ya futi 23 juu ya trela isiyo na breki. Fundi aliyeichomea trela ile alinihakikishia kwamba breki za gari zatosha. Matatu ikasimama mbele kushusha abiria, nikakanyaga breki, gari likapunguza mwendo, trela haikupunguza. Ilinisukuma hadi mkia wa pikapu ukaanza kwenda upande, na usukani ukawa mwepesi mkononi kama umekatika. Matatu iliondoka kabla sijaifikia. Nilivuka daraja, nikaegesha, nikakaa chini ya mti miguu ikitetemeka. Tangu siku hiyo, mtu akinitaka ushauri wa pikapu naanza na trela.

Anza na uzito. Karatasi ya boti huandika uzito wa boti tupu, na hapo ndipo wengi hupotea. Chukua boti ya futi 24 iliyoandikiwa kilo 1,400. Ongeza mashine mbili za nguvu-farasi 150, kila moja karibu kilo 220: hizo 440. Petroli lita 300, na lita moja ina kama robo tatu ya kilo: 220. Nanga na mnyororo wake, betri, sanduku la barafu, fimbo za uvuvi: 150. Trela ya chuma yenye ekseli mbili: 550. Umeshafika kilo 2,760, na hujahesabu maji yaliyolowa kwenye mbao za ndani kama boti ni kuukuu. Ukiwa na shaka, ipitishe kwenye mizani ya malori kabla hujatoa pesa ya gari.

Pikapu kubwa za kisasa nyingi zimeandikiwa kuvuta kilo 3,500. Nambari hiyo ni ya trela yenye breki zake yenyewe. Bila breki za trela, nyingi huishia kilo 750, gari lile lile, injini ile ile. Tena kuna kikomo cha pili kwenye kitabu cha gari: uzito wa gari na trela kwa pamoja. Ukipakia watu watano na madumu ya mafuta nyuma, zile 3,500 si zako tena.

Sasa magari. Kwa boti kama hiyo ya tani 2.8, ya kwanza kwangu ni Land Cruiser ya pikapu, ile 79. Ni nzito, na uzito wa gari ndio unaoizuia trela kulichezea. Yenye V8 ya dizeli imeandikiwa kilo 3,500. Ile ya injini ya lita 4.2 isiyo na tabo huenda polepole, lakini mafundi wa pwani nzima wanaijua kama kiganja chao. Kasoro yake utaiona mchangani: kwenye zile za V8 magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, kwa hiyo hayafuati njia iliyokanyagwa na ya mbele, kila gurudumu linajichimbia lake. Na bei yake ni ya kuuza shamba.

Kwa hiyo mtu wa kipato cha kawaida namwambia anunue Isuzu D-Max ya 3.0, ya 4x4. Inaunganishwa Nairobi, spea hazisumbui, nayo pia ni ya 3,500. Angalia tu usiuziwe ya 2.5 ya kuvuta nyuma, yaani injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu, ukidhani ni ndugu yake kwa sababu sura zinafanana.

Hilux ya 2.8 ya 4x4 inafuata kwa karibu sana. Za gia otomatiki tangu 2020 zina msokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu) wa Nm 500, na zinavuta bila kuhangaika. Naiweka ya tatu kwa bei tu, maana Hilux hata ikiwa mkononi mwa mtu wa tatu haishuki. Ila Vigo ya 3.0, ile Hilux ya kizazi cha nyuma, ni habari nyingine: nyingi zimeandikiwa karibu tani 2.5, na boti yetu imeshapita hapo. Usimsikilize anayekwambia amewahi kuvuta nayo kubwa zaidi. Ford Ranger ya 3.2 ina nguvu na ni 3,500 vilevile, imetulia sana barabarani, lakini kaa tayari kuagiza spea Mombasa.

Singo kebini ya kuvuta nyuma iachie boti ndogo ya mashine moja ya 40, trela na kila kitu visizidi kilo 700. Na kama boti yako nzito hutembea mara mbili tu kwa mwaka, usinunue gari kwa ajili yake. Kodi lori. Ufukweni nako, hata mwenye Land Cruiser namshauri akodi trekta, maji yakiwa yamejaa.

Ukishapata gari, pima pua ya trela, yaani uzito unaokaa kwenye gari. Uwe karibu asilimia 10 ya mzigo wote. Kwa boti yetu ni kama kilo 275. Ukipungua, trela huanza kuyumba, na kwa boti zenye mashine mbili nyuma uzito huo hupungua upesi. Mizani ya bafuni yatosha. Weka ubao, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, sentimita 90 kati yake. Tuliza pua ya trela sentimita 30 kutoka kwenye tofali, soma mizani, zidisha kwa tatu. Ikiwa ndogo, sogeza boti mbele juu ya trela.

Breki nzuri kwetu ni zile zinazojikaza zenyewe trela inapolisukuma gari, lakini chumvi huzila haraka. Zioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila ukitoka baharini. Na ukifika ufukweni kutoka safari, usikimbilie kurudi rivasi majini. Beringi bado zina moto, na zikizama ghafla kwenye maji ya bahari hunywa chumvi na kutema grisi. Weka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu. Kikikuchoma, kaa kivulini, agiza madafu, usubiri kipoe.