Fleksibo ya choo ya elfu tisa: miezi saba, bado kavu

Leo asubuhi nimepiga magoti tena pembeni ya choo, nikapitisha karatasi ya chooni kuzunguka nati ya chini ya tanki. Imetoka kavu. Huu ni mwezi wa saba tangu niifunge, kwa hiyo nadhani sasa nina haki ya kuisifia hii fleksibo, ule mpira wenye nyuzi za chuma unaoleta maji kutoka koki ya ukutani mpaka tanki la choo.

Nakaa Tabata. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, yanapandishwa na pampu mpaka kwenye simtanki. Fleksibo ya kwanza iliwekwa na fundi aliyemalizia nyumba. Haikufika hata miaka miwili, zile nyuzi zake za nje zikaanza kutoa unga mweupe, halafu sakafu ya choo ikawa haikauki. Nikawagombeza watoto bure. Usiku mmoja nikatega kopo la lita moja chini ya tanki: saa nne nimeliweka tupu, alfajiri nalikuta limejaa. Ni tone tu, tone, tone.

Fundi bomba wa mtaani alikuja akakaza. Siku mbili kavu, ya tatu maji yamerudi. Akaja tena, akaviringisha tepu nyeupe karibu nusu ya roli yake, akakaza kwa spana malaya (ile ya kurekebisha upana, jina hilo sikulitunga mimi) mpaka tukasikia "ta!" Nati ya plastiki imepasuka. "Mama, hii ilikuwa imeshachoka," akaniambia. Nikamlipa elfu kumi yake, kwa sababu ilikuwa usiku na maji yanamwagika.

Kesho yake nikaenda Gerezani, Kariakoo. Muuzaji akaniwekea mbili mezani. "Dada, hii elfu tatu na mia tano, hii elfu tisa. Zote ni stili." Nikazishika. Ya bei ndogo nyepesi kama unyoya, na nyuzi zake zinafanana kabisa na zile za kwangu zilizooza: aluminiamu, ambayo kwa maji ya chumvi ndiyo inayotoa ule unga. Usihangaike kubeba sumaku, aluminiamu haishiki, na stili nzuri isiyoshika kutu nayo mara nyingi haishiki. Mimi nilichungulia ndani ya nati, kule kwenye meno. Ya elfu tisa ilikuwa na unjano wa brasi. Nikachukua hiyo, nusu inchi pande zote, urefu sentimita 40.

Kosa langu ni moja: sikukagua washa. Nimefika nyumbani, upande mmoja hauna ule mpira mweusi! Nikanunua mwingine duka la jirani, mia tano. Kwa fleksibo ya bei hiyo, hili limeniudhi, na nyota moja nimeikata hapo.

Kuifunga nilifunga mwenyewe. Nilifunga koki ndogo ya ukutani, nikaflashi mpaka tanki likaisha, maji ya mwisho nikayanyonya kwa kitambaa. Tepu sikuweka hata mzunguko mmoja. Pale kwenye fleksibo kinachozuia maji ni ule mpira unaobanwa, meno ya nati yanashikilia tu. Tepu ni ya mahali ambapo meno yenyewe ndiyo yanayoziba, kama koki inapoingia ukutani. Nikakaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana robo ya mzunguko, basi. Mkono mwingine ulikuwa ndani ya tanki umeshikilia floti (ile inayofunga maji tanki likijaa) isizunguke, maana mguu wake ni plastiki na ukipasuka huo unanunua floti nzima. Koki nikaifungua polepole, nikapitisha karatasi. Kulikuwa na unyevu kidogo, nikaikaza nati tena kidogo sana, ukaisha.

Sentimita 40 kwangu ni ndefu kidogo, imefanya tumbo, ila haijajikunja. Ya 30 ingetosha. Pimeni kwa kamba kabla ya kutoka nyumbani. Umeme wa LUKU siwezi kusema umepungua, lita moja kwa usiku haiendeshi pampu. Sakafu ndiyo iliyobadilika, na ile harufu ya zulia bichi pale mlangoni imekwisha.

Choo cha wageni bado kina ile ya zamani. Juzi nimeuona unga mweupe kwenye nyuzi zake. Mshahara ukitoka narudi Gerezani, na safari hii washa nitazihesabu mbele ya muuzaji.