TAHADHARI: Anakusanya kianzio cha tatuu za rangi kwa jina la studio ya Sinza. Studio haipo

Ndugu zangu wa Dar mnaopanga kuchora tatuu ya rangi, hasa ile ya kuletewa mchoro wako mwenyewe, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anapokea oda Instagram na WhatsApp, anadai kianzio cha nusu ya bei, halafu anakuelekeza studio ambayo haipo. Jina la akaunti siliandiki kwa sababu ameshalibadilisha tangu nianze kumfuatilia. Nikiweka la leo, kesho atakuja na lingine na mtamwona mtu mpya. Naandika namna anavyofanya kazi, maana hiyo haibadilishi.

Najua wapo watakaoanza na "tatuu yenyewe ya nini?" Mjadala huo una mahali pake. Lakini jueni kwamba ndio unaomlinda. Anajua waliopigwa hawawezi kumwambia mama nyumbani kwamba laki na nusu imeliwa na mtu wa tatuu, na wengi wanaona aibu kwenda polisi. Mimi nilikwenda. Askari wa kaunta alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini, akauliza: "Sasa dada, ulikuwa unataka kuchora nini?" Wenzake wakacheka. RB, yaani namba ya taarifa yangu polisi, nilipata, ila naelewa kwa nini wengine wanaishia getini.

Nilichotaka kuchora ni pindo la kisutu. Bibi yangu aliacha kanga moja ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na nilitaka pindo lake lizunguke mkono chini kidogo ya kiwiko. Niliitandaza kitandani, nikaipiga picha, nikaituma. Jibu lilikuja sijaweka simu chini: "Nimeipata dada, kazi ndogo sana hii. Laki tatu, kianzio nusu. Wiki hii zimebaki nafasi mbili tu."

Hakuuliza ukubwa, wala mkono upi. Na kubwa kuliko yote, hakuuliza ngozi yangu ikoje.

Hapo ndipo ninapotaka mkae kidogo. Wino wa tatuu unaingia milimita moja hadi mbili, chini ya tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo la juu ndilo lenye weusi wetu. Kwa hiyo rangi yoyote utakayochorwa utaiona kupitia rangi ya ngozi yako, kama unavyoangalia kitambaa kupitia chupa ya kahawia. Nyekundu iliyokolea, bluu ya kukolea, hizo zinakaa vizuri hata kwa mtu mweusi tii. Njano na nyeupe zinafifia au kugeuka, na kwa wengine nyeupe ikishapona haionekani kabisa. Mchoraji anayejua kazi akiiona kisutu anakwambia papo hapo kwamba sehemu nyeupe afadhali ziachwe ngozi tupu, nyekundu na nyeusi zizizunguke. Huyu wangu, nilipomuuliza kuhusu nyeupe, alijibu: "Itang'aa kama kwenye picha." Mtu aliyewahi kushika mashine hawezi kusema hivyo bila kuona mkono wako.

Kuna swali jingine ambalo mchoraji wa kweli haliachi: je, ukijikata au ukitoboa sikio, kovu linaota na kuvimba? Sisi watu weusi tunapata keloidi zaidi ya wengine, na sindano inayopita mara maelfu sehemu moja inaweza kuiamsha. Atakuuliza pia kuhusu kisukari, ujauzito, dawa za kuyeyusha damu na mzio. Nyekundu ndiyo rangi inayosifika kwa kuleta mzio kuliko nyingine zote, muwasho na uvimbe unaoweza kuja hata miezi mingi baada ya kupona, kwa hiyo wengine wanakuwekea nukta ndogo kwanza na kusubiri. Nukta pia haikupi uhakika wote, lakini inaonyesha uko na mtu wa aina gani.

Picha zake sasa. Ukurasa unapendeza, hilo tusimnyime. Mawaridi, chui, ndege, rangi zinawaka. Lakini zikuze moja moja. Karibu mikono yote ni ya Wazungu, na pembeni za picha zimekatwa karibu sana, pale ambapo wachoraji huweka alama ya jina lao. Kwenye picha moja ya bega lenye waridi, nyuma ukutani kuna soketi ya umeme: vitundu viwili bapa vilivyosimama na cha duara chini yake. Hiyo ni soketi ya Marekani. Sinza nzima tunachomeka plagi ya miguu mitatu bapa, ile ya Kiingereza. Chukueni picha zake mtafute kwenye Google kwa picha, zile ambazo hajazipindua kushoto kulia zinawapeleka kwa wenyewe.

Mwambie akutumie video ya kazi iliyopona kwenye ngozi nyeusi, mteja akigeuza mkono. Picha ya tatuu mbichi siku hiyo hiyo haina maana sana, kila tatuu mbichi inang'aa. Ukitaka kumaliza mchezo mapema zaidi, mpigie simu ya video mchana umwombe akuonyeshe kiti na beseni la kunawia. Huyu kila nikipiga alikuwa "na mteja mkononi", hata saa mbili asubuhi.

Hela nilituma kwa simu. Jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la kike, wakati yeye anajiita kaka. Akasema ni mke wake, ndiye anayeshika mahesabu. Yupo anayefanya hivyo kihalali, siwezi kubisha, ila biashara iliyosimama huwa na Lipa Namba yenye jina lake, na ukiikuta bado hiyo peke yake isikutoe wasiwasi. Baada ya 150,000 kuingia, ikaja ya pili: wino mwekundu uliopo ni wa Kichina, wa Ulaya unaagizwa, niongeze 80,000. Hii sikutuma.

Na niseme kuhusu huo "wino wa Ulaya", kwa sababu wanaotumia hilo neno ni wengi, hata wenye studio za kweli. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2022 umeweka masharti kwa kemikali zaidi ya 4,000 kwenye wino wa tatuu, na Januari 2023 ukaongeza rangi mbili maarufu, bluu moja na kijani moja. Wino uliotengenezwa kuuzwa huko una lebo ya viambato, namba ya toleo, na maandishi kwamba ni kwa ajili ya tatuu. Kwa hiyo anayekutoza zaidi kwa ajili ya Ulaya akuonyeshe chupa, si kukutumia picha ya chupa. Na akishaonyesha, angalia anachochanganyia. Nimeona kwa macho yangu mtu akipunguza ukali wa wino kwa maji ya kunywa ya chupa. Maji hayo ni salama tumboni, hayajasafishwa kwa ajili ya kuingizwa chini ya ngozi. Rochester, jimbo la New York, mwaka 2011 na 2012, watu 19 walipata maambukizi ya bakteria kutokana na wino wa kijivu uliochafuka kabla haujafika kwa mchoraji, yaani hata mchoraji msafi aliponzwa. Sembuse anayechanganyia kwenye kifuniko cha soda.

Turudi kwa bwana wa kianzio. Siku ya miadi alinitumia lokesheni ya Sinza, Kijiweni. "Ukifika nipigie, nakuja kukupokea, ni ghorofa ya nyuma." Nilifika, nikapiga, simu ikaita, ikakatwa, kisha haipatikani. Kijana wa duka la makava ya simu alikuwa ananiangalia. Sijamuuliza kitu, akasema, "Dada, wewe ni wa tatuu? Wanakuja sana hapa, hasa Jumamosi. Hapa hakuna studio, nyuma kule ni stoo ya vinywaji." Akanionyesha kwa kidole geti la kreti. Nilipoandika WhatsApp kuuliza, nikala bloku.

Kuna wa pili, sijui kama ni mtu mmoja au wanajuana. Huyu anakuja mpaka nyumbani. Binti mmoja aliyenitafuta baada ya mimi kuulizia kwenye grupu alitozwa 40,000 ya "jaribio": apakwe mchoro kwa piko kwanza, aone utakavyokaa, ndipo alipe kianzio cha tatuu yenyewe. Jamani, piko mnaijua, ni ile dawa nyeusi ya nywele wanayopakia maharusi juu ya hina. Ndani yake kuna kemikali ya PPD, na kuna ngozi zinazotoka malengelenge na kubaki na alama ya mchoro kwa miezi. Binti huyu yalimtoka. Na ukishadhuriwa na PPD, mzio huo unabaki nawe, dawa ya nywele yoyote yenye kemikali hiyo inakuwa shida. Wachoraji hawajaribishii kwa piko. Wana karatasi ya stensili: mchoro unahamishiwa kwenye ngozi kwa rangi ya zambarau, unasimama mbele ya kioo, ukisema upande juu kidogo wanaufuta kwa spiriti na kuuweka upya. Hiyo ni sehemu ya kazi, hailipiwi peke yake.

Baadaye nilipata mchoraji wa kweli, nikaona tofauti. Yeye ndiye aliyekataa hela yangu ya kwanza. Alitaka nije nionekane, akashika mkono, akauliza kuhusu makovu, akapima kwa utepe, akaniambia pindo la kisutu lina vitu vidogo vingi mno kwa upana ninaoutaka, kwamba baada ya miaka mistari hutanuka kidogo na vidoa vilivyokaribiana huungana. Tukapunguza. Kianzio kilikuwa 50,000, kimeandikwa kwenye karatasi kwamba kinakatwa kwenye bei, na kwamba nikiahirisha siku mbili au zaidi kabla ya miadi kinahamia tarehe mpya. Kianzio chenyewe si wizi, nisieleweke vibaya. Mtu anakaa jioni nzima anakuchorea kitu ambacho hawezi kumuuzia mwingine, lazima ajilinde na wateja wasiotokea. Shida ni kianzio cha mchoro ambao hakuna aliyeanza kuuchora.

Kwa mliokwisha kuweka nafasi kwa mtu mnayemwamini: lala vizuri, kula chakula kizito kabla ya kwenda, maana tumbo tupu na sindano kwa muda wa saa tatu vinaangusha watu. Pombe acha tangu jana yake, damu inatoka zaidi na wino unasukumwa nje. Usinyoe mwenyewe, atanyoa yeye kwa wembe mpya. Ngozi iliyoungua jua, yenye upele au iliyopakwa mkorogo haichorwi, na hili la mkorogo msione aibu kulisema. Ukifika, sindano zifunguliwe mbele yako kutoka kwenye pakiti iliyofungwa yenye tarehe, wino umiminwe kwenye vikombe vidogo vipya, glovu zibadilishwe akishika simu. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havitazami kama mchoro ni mzuri. Na kama ulikuwa umepanga Bagamoyo wikiendi inayofuata, ahirisha. Maji ya bahari na jua subiri mpaka ipone, wiki mbili hadi nne kwa kawaida.

Kama umeshamtumia huyu mtu hela, usianze kubishana naye WhatsApp, unampa muda wa kutoa. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, wakiwahi kabla hazijatolewa wanaweza kuzizuia. Hifadhi ujumbe wa muamala wenye namba ya kumbukumbu, piga skrinshoti mazungumzo yote kabla hajafuta upande wake, na ripoti namba yake TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ile ile ya kuripoti "ile hela tuma kwenye namba hii". Kisha kituoni, uchukue RB. Wakikucheka, wacheke, andikishe.

RB yangu ipo na mpelelezi ameniambia kesi ya mtu mmoja inaenda polepole, ya watu wengi kwa namba moja inasogea. Kama ulituma kianzio cha tatuu na jina lililotokea ni la kike, au ulielekezwa Kijiweni ghorofa ya nyuma, nitumie inboksi ujumbe wa muamala na tarehe. Picha ya tatuu uliyotaka kuchora usitume, sihitaji kuiona.