Vitafunio vya pakiti visivyo na gluteni: ninavyovichagua nikiwa na siliaki

Nianze na jibu, maana najua wengi mnalitafuta mkiwa mmesimama mbele ya rafu: nanunua vipande vya tende na njugu vyenye viambato vichache, visivyo na oti (nafaka ya uji) hata kidogo, na vilivyoandikwa wazi kwamba havina gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na nafaka za jamii yake. Vilivyobaki huvichunguza mara mbili, na vingi huvirudisha nilipovitoa.

Mtu asiye na siliaki, ugonjwa ambao gluteni huufanya mwili uudhuru utumbo wake, hula kitafunio kwa hamu tu. Sisi tunakihitaji siku ile mkutano umerefuka na kilicholetwa ni sandwichi, au safarini ambako kila kinachouzwa kimetengenezwa kwa ngano. Kipande kimoja kwenye mkoba ndicho mlo wako. Na kwa kuwa ugonjwa huu hauna dawa zaidi ya chakula chenyewe, mlo huo ukiwa na kosa, unaoumia ni utumbo. Gluteni ya ngano, shayiri au rai ikiingia, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vile vinyweleo vidogo vinavyofyonza virutubisho huharibika, na madini ya chuma na kalsiamu hupita bila kuchukuliwa. Kibaya zaidi, madhara hayo yanaweza kuendelea hata kama tumbo halikuumi. Ndiyo maana siwezi kukubali ushauri wa “onja kidogo uone”.

Upande wa mbele wa pakiti siuamini. “Haina ngano” si sawa na “haina gluteni”, kwa sababu shayiri na rai bado zinaweza kuwemo. Mtego ninaoukuta mara nyingi ni kimea cha shayiri, ambacho hutiwa kwenye mchele uliofurishwa ili kuupa ladha na rangi. Unaona mchele, unaona chokoleti, moyo unatulia, kumbe kimea kimeandikwa katikati ya orodha. Marekani, kwa mfano, sheria ya vizio vya chakula, yaani vitu vinavyosababisha mzio, inataka ngano itajwe kwa jina, lakini haiilazimishi shayiri hivyo. Kwa hiyo ukisoma tu ule mstari mzito wa vizio ukaacha orodha nzima, unaweza kuumia.

Kilichonipa amani ni kuielewa namba 20. Viwango vya Codex (viwango vya kimataifa vya chakula), vya Umoja wa Ulaya na vya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, vyote vinaweka mpaka wa miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo ya chakula kinachojiita hakina gluteni. Piga hesabu: kipande cha gramu 40 kilichofika kwenye mpaka huo hakizidi miligramu 0.8. Wagonjwa wengi huvumilia takriban miligramu 10 kwa siku bila utumbo kudhurika. Kwa hiyo maandishi hayo yana uzito wa kweli, na palipo na alama ya ithibati kutoka kwa shirika huru natulia zaidi, kwani baadhi ya mashirika hayo hushusha mpaka hadi miligramu 10 kwa kilo.

Sasa oti, na hapa sitazunguka. Oti yenyewe haina gluteni ya ngano, lakini hulimwa kwa zamu na ngano na shayiri, huvunwa kwa mashine zilezile na kubebwa kwa malori yaleyale. Wazalishaji wana njia mbili. Wengine huilinda kuanzia mbegu, shamba, ghala hadi kiwandani. Wengine hununua oti ya kawaida kisha huichambua kwa mashine zinazotenganisha punje kwa ukubwa, umbo na rangi. Tatizo la njia ya pili ni kwamba punje ya shayiri inafanana sana na ya oti. Uchafu wake pia hausambai sawasawa: punje chache zinaweza kuangukia pakiti moja, na sampuli iliyopimwa ikawa ya pakiti nyingine. Tena wapo wachache wetu wanaosumbuliwa na avenini, protini ya oti yenyewe, hata ikiwa safi. Australia na New Zealand haziruhusu kabisa chakula chenye oti kuandikwa kwamba hakina gluteni, na mimi nauona huo ndio uungwana kwa mgonjwa. Ukiitaka oti, ongea kwanza na daktari au mtaalamu wako wa lishe, kisha tafuta kampuni inayosema wazi inaipataje. Isiyosema, iache.

Ninavyovirudia ni hivi. Lärabar ya korosho ina vitu viwili tu, korosho na tende. Orodha unaimaliza kabla hujapepesa macho. Ni laini na tamu sana, kwa hiyo naiweka kwa siku ya kutembea. RXBAR hutumia ute wa yai pamoja na tende na njugu. Hutafunwa polepole na hushibisha kweli, kwa sababu ya protini yake. KIND zenye njugu nzima ndizo ninazozipenda kwa ladha, hasa zenye chokoleti nyeusi na chumvi. Hata hizi nazisoma upya kila ninaponunua, maana mapishi hubadilika bila tangazo, na ladha mpya ya kampuni ileile inaweza kuwa na viambato tofauti kabisa.

Jambo moja limewatia hofu wenzangu wengi bure. Tumbo likijaa gesi baada ya kipande kilichoandikwa hakina gluteni, angalia kama kina inulini, yaani nyuzinyuzi za mzizi wa chikori, au maltitoli na sorbitoli, vitamu vinavyotiwa badala ya sukari. Hivyo vyote vinaweza kuvimbisha tumbo la mtu yeyote.

Vipande vilivyojengwa kwa unga wa mchele na sharubati nimeviacha. Ni salama, ndiyo, lakini nyuzinyuzi zake ni chache na sukari ni nyingi, na mwili uliokosa virutubisho kwa muda mrefu unastahili zaidi ya hapo. Kwa safari ndefu nachukua RXBAR mbili na mfuko wa lozi. Siku ya kawaida KIND moja inanitosha hadi chakula cha jioni.