Seti ya anneksini V kwa seli zenye klamidia: kazi inafanya, ila rangi ya kijani itakuponza

Seti yenyewe ni ile ya kawaida: kichupa cha anneksini V (protini inayonasa seli zinazoanza kujiua) iliyofungwa rangi ya kijani ya FITC, kichupa cha propidiamu ayodidi (PI, rangi nyekundu inayoshika DNA), na chupa ya bafa iliyokolezwa mara 10. Imetengenezwa kwa anayetaka kujua ni seli ngapi zinakufa. Hapa tunaipima kwa kazi ya kinyume: kuonyesha kwamba seli iliyoingiliwa na bakteria inagoma kufa hata ikilishwa sumu.

Mgomo huo una sababu. Bakteria wa klamidia, Chlamydia trachomatis, hazaliani nje ya seli. Huingia ikiwa chembe ya takriban mikromita 0.3, hujifungia ndani ya kifuko, hunenepa, hugawanyika, kisha hutoka baada ya saa 48 hadi 72. Mwenye nyumba akijiua saa ya 20, mpangaji anaangamia naye kabla hajapata kizazi kinachoweza kuambukiza. Kwa hiyo hulinda nyumba: huzuia mitokondria zisimwage protini ya saitokromu c, na bila mmwagiko huo kaspasi, vile vimeng'enya vinavyoikatakata seli kutoka ndani, haviwashwi. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1998 kwenye seli za HeLa, zile za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara. Klamidia haiko peke yake. Bakteria mwingine, Rickettsia rickettsii, huwasha NF-κB, protini inayowasha jeni za kuzuia kifo, katika seli za kuta za mishipa ya damu, na bakteria Legionella hutoa protini SidF inayozima protini mbili za mwenyeji zinazochochea kifo. Seti ni ileile kwa wote, ingawa muda wa kupima hutofautiana.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Seli nzima huficha fosfatidilserini, aina ya mafuta ya utando, upande wa ndani wa utando huo. Ikianza kujiua, huigeuzia nje, na anneksini V huinasa palepale, mradi kuna kalsiamu. PI haipiti utando mzima. Ikionekana ndani, ujue utando umeshatoboka.

Kwa HeLa, utaratibu unaotoa majibu ya kuaminika ni huu. Ambukiza, subiri saa 20 hadi 24, weka staurosporini, sumu inayozifanya seli zijiue, ya mikromola 1 kwa saa 4 hadi 6. Kusanya seli, osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) baridi, mwaga PBS yote, kisha zichanganye na bafa ya seti iliyozimuliwa hadi zifike milioni 1 kwa mililita. Chukua mikrolita 100, weka mikrolita 5 za anneksini na 5 za PI, dakika 15 gizani kwenye joto la chumba. Ongeza mikrolita 400 za bafa, usioshe tena, pitisha kwenye mashine ya leza inayosoma seli moja moja (flow cytometer) ndani ya saa moja. Usichelewe hadi saa ya 48: wakati huo bakteria wenyewe wanaanza kupasua seli ili watoke, na huwezi kutenganisha kifo hicho na kile ulichokisababisha wewe.

Makosa mawili huharibu nusu ya majaribio hata kabla ya mashine kuwashwa. La kwanza ni kumwaga majimaji yaliyokuza seli kabla ya kuzikusanya. Seli zilizokufa hubanduka na kuelea humo, kwa hiyo ukiyamwaga unajidanganya kwamba kila kitu kiko hai. La pili ni EDTA ya kwenye tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli: hunyakua kalsiamu, na anneksini hukosa mshiko. Tumia tripsini isiyo na EDTA, kwa muda mfupi. Ukizidisha, utando wenyewe unachubuka na PI inaingia kwa seli ambazo hazikuwa na shida. Na vichupa visigandishwe. Vikae nyuzi 2 hadi 8.

Sasa malalamiko yenyewe. Seti haijui ni seli ipi ina bakteria na ipi haina. Ukiambukiza kwa uwiano wa bakteria 1 kwa seli 1, hesabu ya bahati nasibu inaacha takriban asilimia 37 ya seli bila mgeni yeyote. Hizo zitakufa vizuri kwa staurosporini, na ulinzi wa kweli utaonekana dhaifu. Kwa uwiano wa 3 kwa 1 zinabaki kama asilimia 5, lakini bakteria wengi mno kwa seli moja nao huleta sumu yao. Dawa ni kutumia bakteria wanaong'aa, na hapo ndipo toleo hili la seti linakwama: wanaong'aa kijani hugongana na FITC, wanaong'aa nyekundu ya mCherry hugongana na PI. Kuwatia bakteria kingamwili kunataka seli zikazwe kwa kemikali na kutobolewa kwanza, jambo linaloua maana ya PI. Kwa kazi hii, nunua toleo la anneksini yenye rangi ya nyekundu ya mbali, pamoja na rangi ya DNA ya samawati kama DAPI. Toleo la FITC waachie wanaopima seli zisizo na wageni.

Jingine, ambalo karatasi ya maelekezo hailigusi: klamidia inaweza kuifanya seli igeuze fosfatidilserini nje kwa muda bila kuiua. Anneksini pekee isikuhukumie. Ambatanisha kipimo cha kaspasi-3, ukijihadhari na CPAF, kimeng'enya cha klamidia kinachokata protini. Kwa miaka mingi kilisifiwa kwamba ndicho kinachotafuna protini za kifo ndani ya seli. Mwaka 2012 ikadhihirika kwamba sehemu kubwa ya utafunaji ule ulikuwa unatokea kwenye kichupa, baada ya seli kupasuliwa. Pasua moja kwa moja kwa sabuni kali ya SDS ya moto au yurea ya mola 8, siyo kwa sabuni laini juu ya barafu.

Kwa usomaji wa seli moja moja, seti inastahili sifa: ni ya haraka, na hutofautisha anayeanza kufa na aliyekwisha kufa. Ila inakwambia seli iko hai tu, haikwambii nani kaiweka hai. Hilo unalipata kwa kundi lililopewa kloramfenikoli, dawa inayozuia bakteria kutengeneza protini, tangu mwanzo wa maambukizo: bakteria wakishindwa kutengeneza protini zao, ulinzi hupotea. Weka na kundi lisiloambukizwa lenye kloramfenikoli ileile, maana dawa hiyo hugusa pia ribosomu za mitokondria za mwenyeji.